Kuchunguza Kabla ya Kutenda: Somo Kutokana na Runinga Mbovu

Katika somo la sayansi twaweza kutumia runinga bapa iliyoharibika kuwazoeza wanafunzi kutafuta chanzo cha hitilafu. Mara nyingi runinga ya namna hii huchelewa kuwaka, au taa yake ndogo humetameta pasipo picha kutokea. Chanzo kimojawapo ni kapasita mbovu katika bamba la umeme: kichwa chake, ambacho hupaswa kuwa bapa, huwa kimevimba. Fundi huiondoa na kulehemu nyingine yenye mikrofaradi zile zile na volti zisizopungua zile za awali, akiangalia upande wa hasi ukae mahali pake.

Hata hivyo, yatupasa kutahadhari. Kapasita kuu huweza kuhifadhi umeme wa volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa ukutani, na umeme huo huweza kuua. Kwa hiyo tusifungue runinga darasani. Tutumie bamba lililokwisha kutolewa, ambalo fundi amehakikisha kwamba halina umeme. Wanafunzi walitazame, walinganishe kapasita, kisha wataje iliyo mbovu na kutoa sababu. Atoaye sababu amejifunza, abahatishaye bado.