Programu ya malipo ikigoma, usikimbilie benki

MARANGU. Hoteli na kampuni za kupandisha wageni Kilimanjaro hupokea malipo kwa kadi. Programu ikigoma, mauzo hulala. Kwa zinazotumia OpenSSL 3 chini ya kiwango cha Marekani cha FIPS 140-2, kosa mara nyingi liko kwenye usakinishaji. Fundi hana budi kuendesha amri ya fipsinstall katika kila mashine. Faili ya fipsmodule.cnf haiazimwi kwa jirani. Moduli ikibadilishwa, alama ya uhakiki hailingani, nayo hukataa kufunguka. Kosa jingine ni MD5, njia kongwe isiyomo katika moduli hiyo: programu ikiiomba, hupewa hitilafu.

Mnunuzi aulize namba ya cheti na toleo kabla ya kulipa. Toleo 3.0.8 lina cheti, lakini si kila toleo linacho. Tarehe iliyopangwa ya vyeti vya 140-2 kuhamishiwa orodha ya kihistoria ni 21 Septemba 2026.