Mama kalala Nyegezi, nyie mnatuma 'ya mboga' tu!

Wiki hii tuweke kando habari za mapenzi na viwanja vya kujirusha. Kuna kasheshe linawatafuna vijana kimya kimya: mzee akiuguzwa nyumbani, nani analipa?

Chukua nyumba moja huku Nyegezi. Bi mkubwa alipigwa na kiharusi, upande mmoja ukalala. Hospitali wakafanya yao, wakamruhusu. Watoto wanne: mmoja yuko Dar, mwingine Geita, wa tatu kaolewa Musoma. Aliyebaki ni dada mtu, aliyekuwa na meza yake ya dagaa jirani na stendi. Meza ikafungwa. Wenzake wakawa wanarusha 'ya mboga' kwenye simu, wakaona wamemaliza.

Nilipopita kusalimia, "Mwangaluka mayu," mama alinijibu kwa macho tu. Dada mtu akanisindikiza hadi mlangoni: "Kaka, wao wanahesabu hela waliyotuma. Nani anahesabu mgongo wangu?"

Hapo ndipo penye ngoma! Mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, la sivyo anatoka vidonda. Kuna pampasi, sabuni, vidonge vya presha visivyotakiwa kukatika, bajaji ya kliniki na mazoezi ya viungo kila siku. Hiyo siyo mboga, ndugu yangu.

Utasema tuajiri binti. Sawa, lakini agizo la mishahara la 2022 liliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kuwa kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Na hiyo ni kupika na kufagia. Kumuuguza mtu mzima ni shughuli nyingine. Ukimwita nesi aje nyumbani, naye ana bei yake.

Serikali je? Upo msamaha wa gharama za matibabu kwa wazee wasiojiweza wa miaka 60 na kuendelea, lakini unaishia getini kwa hospitali. Zanzibar ilianza 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 pensheni ya 20,000 kwa mwezi. Huku kwetu mama aliyelima na kuuza dagaa maisha yake yote hana pensheni. Pensheni yake ni nyie!

Sasa mfanyeje? Kwanza, kaeni kikao, hata kwa simu. Andikeni kwenye daftari kila kitu mama anachotumia kwa mwezi, na mstari wa kwanza uwe malipo ya anayemuuguza. Ndiyo, hata kama ni dada yenu wa tumbo moja. Pili, mwenye ajira aulize kazini kama bima yake inaweza kumbeba mzazi. NHIF imewabeba wazazi wa watumishi wa umma kwa miaka mingi. Tatu, asiye na hela atoe siku zake: aje likizo, amgeuze mama, dada akapumzike.

Wale wa Nyegezi walikaa kikao. Kelele zilikuwepo, shemeji mmoja akanuna. Lakini daftari liliposomwa, kila mtu kimya. Siku hizi fungu la dada linatoka kwanza, na kuna binti wa kumpokea asubuhi. Meza ya dagaa imefunguliwa tena, nusu siku.

Na wewe unayesoma hapa kwenye daladala, kwenu anayemgeuza mzee ni nani? Mpigie leo. Usianze na "mzee anaendeleaje?" Anza na "wewe, umelala?"