Nyumba ikibomolewa na maafa, nani aijenge?

Tetemeko la Septemba 10, 2016 mkoani Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, liliangusha maelfu ya nyumba. Nyingi zilikuwa za matofali yaliyounganishwa kwa udongo, na familia zikahamia chini ya maturubai, nje ya kuta zao wenyewe. Januari 2017 Rais John Magufuli alikwenda Bukoba na kusema wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba. Fedha zingekwenda kwenye miundombinu ya umma, zikiwamo shule kama Ihungo.

Hoja hiyo ina uzito: hazina ni ya wote, na anayetegemea kujengewa huenda asijali anajenga wapi. Lakini mwenye nyumba ya udongo mara nyingi hana bima, na benki haimkopeshi.

Wilayani Hanang mambo yalikwenda tofauti. Desemba 3, 2023 sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka, tope na magogo vikafunika Katesh na vijiji jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Safari hii Serikali na wadau waliwajengea waathirika nyumba katika eneo la Waret.

Hata hivyo, msaada usiofikiria riziki hupwaya. Baada ya mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, wakazi wa mabondeni walipewa viwanja Mabwepande, mbali na Kariakoo ambako wengine walichuuza. Baadhi waliviuza, wakarudi bondeni.