Darasa la Tango Kabla ya Dansi
Katika mji wa Buenos Aires, Argentina, ambako tango, iliyotiwa na UNESCO mwaka 2009 katika orodha ya turathi za wanadamu, huchezwa hata usiku wa manane, kumbi nyingi zina ada njema ya kuwafundisha wageni kabla ya dansi yenyewe kuanza. Mwalimu hodari haanzi na madaha ya miguu. Huanza na kutembea, wawili wamekumbatiana, mmoja akiongoza na mwenziwe akimfuata, kisha huwabadilisha wenzi mara kwa mara, asije aliyekuja peke yake akabaki mkiwa. Adabu nayo hufundishwa, nami naiona ndiyo roho ya somo: kualikana kwa jicho, na kuzunguka ukumbi kinyume cha akrabu za saa. Ewe unayeona haya, liwahi darasa hilo.