Je, Vitu vya Ndani ya Kinini Vinapatana?

Mgonjwa wa Bunia akipewa kinini ya homa, anadhani kwamba anameza dawa tupu. Sivyo. Ndani yake mna pia vitu visivyoponya: wanga wa kuipasua tumboni, laktozi ya kuiongeza ukubwa, stearati ya magnesiamu ili unga usishike mashini. Vitu hivyo ni watumishi wa dawa. Lakini mtumishi mbaya aweza kubomoa nyumba ya bwana wake. Basi, wanajaribiwa namna gani?

Njia moja ni moto. Mashini yake ilitengenezwa na Watson na O'Neill, Marekani, mwaka 1962. Ina visahani viwili vidogo: kimoja kina miligramu chache za unga, kingine ni kitupu. Vyote vinapashwa moto sawasawa, pengine digri 10 kwa kila dakika. Unga ukiyeyuka unakula moto zaidi, na mashini inaandika tofauti hiyo kama kilima juu ya karatasi. Wanapima dawa peke yake, kisha mtumishi peke yake, mwisho vyote viwili nusu kwa nusu. Kila kilima kikibaki mahali pake, hakuna dalili ya ugomvi. Kikihama au kikipotea, kuna shaka.

Tutwae mfano wa aspirini. Ikichanganywa na stearati ya magnesiamu, inayeyuka mapema kuliko ikiwa peke yake. Tena penye unyevu inaharibika upesi, mpaka inanuka siki.

Hata hivyo, shaka si hukumu. Moto mkali wa mashini si joto la kabati ya dispensere, na pengine kitu kimoja kimeyeyusha kingine bila kukiharibu. Kwa hiyo mchanganyiko unawekwa majuma mengi penye joto na unyevu, kisha unapimwa tena ili kujua dawa iliyobaki. Moto unaonya, uvumilivu unahakikisha.

Hata dawa mbili zaweza kukosa kupatana. Artesunati na amodiakwini zinasaidiana vizuri kupigana na malaria. Lakini artesunati inaharibiwa na maji, na amodiakwini inayotumiwa imebeba maji ndani yake. Kwa hiyo, katika kinini iliyotolewa na DNDi na Sanofi mwaka 2007, zilitengwa kwa tabaka mbili, kama ndugu wanaopendana lakini hawalali kitanda kimoja.

Sisi tutakaokabidhiwa dispensere za parokia tushike fundisho hili. Tusisage kinini mbili na kuuweka unga wake pamoja; tusizitoe katika karatasi yake kabla ya siku, kwa maana unyevu wa mvua zetu unaingia. Mgonjwa anayemeza dawa iliyooza anahesabu kwamba ametibiwa, kumbe ugonjwa unaendelea. Amri ya tano inatudai uangalifu huo pia.