Gunia la Mahindi Lina Maji Kiasi Gani?

Mnunuzi wa mahindi Kilosa hupima kwa meno. Huchoma gunia kwa bambo, hutoa punje chache, hutia moja kinywani na kuing'ata. Ikivunjika kwa mlio, mahindi yamekauka kau. Ikibonyea kimyakimya, bei inateremka. Mkulima naye ang'ate yake, na hapo ubishi unaanza, maana kila mmoja ana meno yake.

Ubishi huo ni wa asilimia nne tano tu, lakini una pesa ndani yake. Kilo 100 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 18 zina kilo 18 za maji. Yakikaushwa hadi asilimia 13, zinabaki kilo 94 na robo hivi. Kwa hiyo anayenunua mabichi kwa bei ya makavu amelipia karibu kilo sita za maji, na mkulima aliyekausha vizuri asipolipwa zaidi ameadhibiwa kwa bidii yake. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5.

Pesa, hata hivyo, ndiyo sehemu nyepesi. Kuvu wa Aspergillus flavus huanzia shambani na kustawi ghalani panapokuwa na unyevu, na sumu anayotoa, sumukuvu, huharibu ini. Mwaka 2004 watu 125 walifariki Kenya kwa sumu hiyo, wengi wakiwa wa Makueni na Kitui. Mwaka 2016 zamu ikawa yetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu wapatao 20 walipoteza maisha. Sumu ikishaingia kwenye punje, kuyaanika mahindi tena hakuiondoi, wala moto wa kupikia ugali hauimalizi. Ndiyo maana swali la maji linafaa kuulizwa kabla gunia halijashonwa, hasa kwa anayevuna mahindi ya vuli huku masika yanabisha hodi.

Maabara hujibu swali hilo kwa tanuri na mizani. Mahindi husagwa, gramu tano hivi huwekwa kwenye kikopo cha chuma chenye kifuniko, hupimwa, kisha hukaa kwenye tanuri la nyuzi joto 130 kwa saa nne. Hupoozwa ndani ya chombo cha kioo chenye silika, ili yasinyonye unyevu wa hewani upya, halafu hupimwa tena. Gramu 5.00 zikirudi 4.30, kilichopotea ni gramu 0.70: asilimia 14. Hesabu ya darasa la sita, ila mitego yake ni mingi. Mahindi mabichi mno yakisagwa, kinu kinapata moto na maji yanatoroka kabla ya kupimwa, kwa hiyo hukaushwa kidogo kwanza. Tena sampuli ya juu ya gunia haisemi ya chini.

Vipimio vya mkononi havikaushi chochote. Vinapitisha umeme kidogo na kutazama punje zinavyoupokea, kwani maji na wanga huupokea kwa namna tofauti sana. Ni vya haraka, lakini vinasoma vibaya mahindi yakiwa bado ya moto kutoka juani, na visipolinganishwa na tanuri mara kwa mara, ni meno tu yenye betri.

Hata hivyo, tanuri nalo halifai kwa kila kitu. Chukua mbolea ya urea, ile ya kukuzia, uiweke kwenye tanuri lile lile. Urea huyeyuka kwenye nyuzi 133 hivi, na kabla ya kufika huko huanza kuvunjika na kutoa amonia. Mizani itaonyesha uzito umepungua, na mpimaji ataandika “maji” mahali palipoondoka naitrojeni, yaani mbolea yenyewe. Kwa hiyo mbolea hukaushwa kwa upole, nyuzi 50 tu, ndani ya tanuri lililonyonywa hewa, au hupimwa kwa njia ya Mjerumani Karl Fischer ya mwaka 1935. Fischer alitumia aidini: kila molekuli moja ya aidini humenyuka na moja ya maji, na maji yakiisha rangi ya kahawia hubaki haifutiki. Unahesabu aidini uliyotumia, umepata maji. Binafsi naiona ni njia nzuri kuliko zote, kwani inayatafuta maji yenyewe badala ya kukisia kutokana na kilichopotea.

Mkulima wa Ulaya (hii yetu iliyo kati ya Kilosa na Mikumi, si ya ng'ambo) hana aidini wala tanuri. Ana chumvi. Kausha chupa ya kioo, tia mahindi hadi theluthi moja hivi na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 hivi. Isipoganda, uko chini ya hapo, ingawa bado haijathibitika kuwa 13.5 imefikiwa, basi siku moja zaidi kwenye turubai haidhuru.

Siri yake ni kwamba chumvi huanza kulowa pindi unyevu wa hewa inayoizunguka unapopita asilimia 75, na mahindi ya asilimia 15 hutoa hewa ya namna hiyo ndani ya chupa. Urea nayo huanza kulowa karibu na asilimia 73, kwenye joto la nyuzi 30. Ndiyo maana mfuko wa urea ulioachwa wazi ukishika mabonge, usiilaumu mbolea peke yake. Hewa ya stoo hiyo hiyo inayarudishia maji mahindi yaliyopangwa upande wa pili.