Mkoba wa dola 600 na aliyerudi mikono mitupu

Jioni moja mwaka jana binti wa kaka yangu aliingia dukani kwangu, karibu na mpaka ule mdogo wa Rubavu ambao sote tunauita Petite Barrière, akaufunga mlango nyuma yake kana kwamba anafuatwa. Akatoa kwenye mfuko wa karatasi mkoba uliofunikwa kwa kitambaa cheupe, akauweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto.

"Shangazi, utazame. Huu ni wenyewe, si wa kuiga."

Nimeuza mikoba na viatu hapa mpakani kwa zaidi ya miaka kumi, na mkoba huwa nauchunguza kwa vidole kabla ya macho. Nyuzi zilikuwa zimeruka pembeni mwa mshikio. Gundi ilikuwa imevimba chini ya ngozi, na zipu ilikuwa nyepesi kama ya begi la shule. Mikoba ya aina hiyo mimi huinunua kwa jumla, kumi kwa pamoja.

"Umelipa ngapi?"

"Dola 600."

Nilinyamaza. Naye akaelewa kabla sijasema neno, akakaa kwenye gunia la kandambili na kuanza kulia.

Msomaji aliyewahi kurudi nyumbani kutoka ugenini hahitaji kuelezwa sana. Binti huyu alifanya kazi za ndani huko Oman kwa miaka miwili. Aliporudi alishuka kwenye basi amevaa kitenge, na sanduku moja mkononi. Akiba yake, dola 900, alikuwa ameishona ndani ya nguo, nayo ilikuwa mtaji wa kuanza kuuza viatu vya watoto. Lakini fedha iliyoshonwa ndani ya nguo haionekani na majirani. Wiki haikuisha kabla maneno hayajaanza: Kweli alifika huko? Mbona fulani alirudi na dhahabu? Huyu si alikuwa amejificha Kampala?

Nyakati hizo ndipo alipokuwa akimtazama usiku kucha kwenye simu dada mmoja mwenye wafuasi wengi, leo yuko mbele ya hoteli ya Dubai, kesho ndani ya gari la milango inayofunguka kwenda juu, na kila siku mkoba mwingine. Dada huyo aliandika kwamba anaye mtu wa kuwapatia wapenzi wake mikoba kama ile kwa bei ya kirafiki, akatoa namba. Fedha ilitumwa, mkoba ukaletwa na dereva wa basi. Alipopiga simu kulalamika, namba ilikuwa imeshamfungia.

Sikumkaripia. Kusema kweli sikuwa na haki hiyo. Ni mara ngapi mimi mwenyewe nimemwambia mteja, "Hii ni ya Dubai, mama"? Si uongo, kwa sababu mzigo ulipitia Dubai. Ulishonwa wapi, hilo mteja haulizi, nami sikuwa na desturi ya kulisema.

Mambo haya si mageni upande huu wa dunia. Simu imeyaongezea kasi tu. Nilikulia Goma, na utotoni niliwaona wasapeli wakipita Jumapili na viatu vya J.M. Weston, au walivyodai ni vya Weston, wakikunja ukosi wa koti ili jina la mshonaji lisomwe. Mtindo huo, yaani La Sape, ulishika mizizi Brazzaville na Kinshasa. Upande wa Kinshasa ulikuwa na uchungu wake, kwani Mobutu alikuwa amewakataza wanaume kuvaa suti na tai, wavae abakosti. Kijana aliyevaa koti la Kifaransa au la Mjapani Yohji Yamamoto alikuwa pia akimjibu rais bila kufungua mdomo.

Papa Wemba ndiye aliyewafundisha vijana wengi majina ya washonaji hao kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Leo angeitwa mshawishi wa mitandaoni. Na wanamuziki wa Kinshasa waligundua zamani sana kwamba jina ni mali: mwenye fedha hulipa ili atajwe ndani ya wimbo, jambo wanaloliita kurusha libanga, yaani jiwe. Anayelipwa kulitaja jina la kampuni ya mikoba kwenye simu hajavumbua kitu.

Upande wa Brazzaville ndiko kulikuwa na desturi inayonigusa zaidi mimi mpokeaji wa watu wanaorudi. Kijana wa Bacongo alikwenda Paris, akaishi kwa shida chumba kimoja na wenzake, akakusanya suti na viatu, kisha wakati wa likizo akarudi kuonyesha. Safari hiyo ya kurudi waliiita "descente", kushuka. Aliyeshuka alipokelewa kama mfalme, wasichana wakimzunguka, wadogo zake wakibeba mizigo. Wengine nguo walikuwa wameazima, na baada ya likizo zilitakiwa zirudi Paris kwa wenyewe. Mwandishi Alain Mabanckou aliandika riwaya juu ya jambo hilo mwaka 1998, Bleu Blanc Rouge: kijana anadanganyika na mng'aro wa mwenzake aliyeshuka kutoka Paris, anamfuata, na mwisho anarudishwa kwa nguvu mikono mitupu.

Maishani nako yalitokea. Februari 2003 Papa Wemba alikamatwa Ufaransa, na mwaka 2004 mahakama ya Bobigny ikamtia hatiani kwa kuwasaidia watu kuingia huko kinyume cha sheria, wakipitishwa kama wanamuziki wa bendi yake. Waliotaka kwenda walikuwa wamemwona akishuka. Alifariki jukwaani Abidjan mwezi Aprili 2016, na bado kuna wanaovaa kwa kumkumbuka.

Nilimsimulia binti yangu habari nyingine pia, ya Mnigeria Ramon Abbas, maarufu kwa jina la Hushpuppi. Huyu alikaa Dubai, akawa na wafuasi zaidi ya milioni 2 wa Instagram waliomtazama akitoka madukani na mifuko ya Gucci na Louis Vuitton, au amekaa ndani ya ndege ya kukodi. Polisi wa Dubai walimkamata Juni 2020. Mahakama ya Los Angeles ilimhukumu Novemba 2022 kifungo cha miaka 11 na miezi 3 kwa kosa la kutakatisha fedha. Miongoni mwa waliotapeliwa alikuwemo mfanyabiashara aliyetafuta mkopo wa kujenga shule nchini Qatar. Picha zile za mikoba, ambazo vijana wetu waliziona kama ushahidi wa baraka, wapelelezi wa Marekani walizitumia kumtambua.

"Basi wote ni wezi?" aliniuliza.

Hapana, nilimwambia, wengi ni watu wa matangazo tu. Wapo wanaopewa mkoba bure na kulipwa juu yake, na wapo wanaouazima kwa saa moja ya kupiga picha. Ufaransa, nyumbani kwa kampuni nyingi za mikoba hii, ilitunga sheria Juni 2023 inayomtaka anayelipwa aandike wazi kwamba ni tangazo. Huku kwetu picha inafika bila maandishi hayo.

Anayelipa kwa kweli ni mteja mwaminifu, na hata huyo hali yake si nyepesi. Mkoba wa Birkin wa Hermès, uliotengenezwa mwaka 1984 na kupewa jina la mwigizaji Jane Birkin, hauingii mtu dukani akaunyooshea kidole. Muuzaji ndiye anayemchagua mnunuzi. Machi 2024 wateja walifungua shauri California wakidai kwamba walilazimika kwanza kununua viatu, mitandio na vito ili wafikiriwe kupewa mkoba. Kampuni ilikana, na mwaka 2025 jaji alilitupa shauri hilo. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkoba wa kwanza kabisa aliotengenezewa Jane Birkin mwenyewe uliuzwa mnadani Paris kwa euro milioni 8.6. Ulikuwa umechakaa, una alama za vibandiko alivyokuwa akivibandika. Binti yangu alicheka hapo kwa mara ya kwanza jioni ile.

Akauliza kama naweza kuuuza mkoba wake. Nilijua naweza. Nina wateja wa Goma ambao, ningewaambia kwa sauti ya chini kwamba mwenye nao amerudi kutoka Oman na ana shida ya fedha, wangetoa dola 300 bila kujadiliana sana. Fedha ingerudi nusu, binti angepata mtaji, na mimi ningekuwa nimefanya alichofanya yule dada wa kwenye simu, tena kwa mtu ninayemjua uso. Sikulala vizuri usiku ule, sitaficha.

Asubuhi niliuning'iniza juu ya mlango, nikaandika kwenye karatasi "wa kuiga, dola 25". Kwa dola 300 zilizobaki tulikwenda pamoja kuchukua viatu vya watoto, vya shule, vyeusi, namba 28 hadi 34. Muhula ulikuwa unakaribia kufunguliwa, na mzigo wa kwanza uliisha kwa siku 9. Sasa anakuja kila Jumatatu kuchukua mwingine. Bado watu wanamuuliza alirudi na nini, naye huwaonyesha viatu.

Mkoba bado uko mlangoni. Kila siku wawili watatu huomba kuushika, wakapiga nao picha, wakasoma karatasi, wakaurudisha.